Programu inajifunga baada ya kuapdeti kompyuta? Soma ripoti kwanza, kufuta baadaye

Programu ilikuwa inapiga kazi vizuri, mfumo ukaapdeti, sasa ukiifungua inatokea sekunde mbili halafu inapotea. Hapo karibu kila mtu anafanya kitu kimoja, anaifuta anaiweka upya, ikigoma anaifuta tena, mwisho anaamua apdeti zote ni mbaya na anazizima kabisa. Njia hii inakula muda bure kwa sababu mbili. Kwanza, kufuta programu mara nyingi hakufuti setingi zake, zenyewe zinabaki kwenye folda zako, kwahiyo ukiirudisha inakuta faili lile lile bovu linaisubiri. Pili, kama kilichobadilika kiko chini ya programu, mfano draiva (kiprogramu kinachoendesha kifaa kama kadi ya picha) au laibrari ya mfumo (faili linalotumiwa na programu nyingi kwa pamoja), hata uiweke upya mara kumi itaenda kukanyaga palepale.

Tuanze na kukrashi kwenyewe ni nini, maana wengi wanadhani programu imeharibika. Mara nyingi haijaharibika, imeuliwa. Kila programu inapewa na mfumo sehemu yake ya memori, ikijaribu kusoma au kuandika mahali pasipo pake mfumo unaisimamisha palepale bila kuuliza mtu, ndo maana dirisha linapotea ghafla hata bila meseji yoyote. Wakati mwingine programu inajisimamisha yenyewe ikigundua kitu hakiko sawa, na wakati mwingine haianzi kabisa kwa sababu faili inalolihitaji halipo. Kila moja ya hizi inaacha alama yake kwenye rekodi za mfumo, na hizo alama hazifanani, hilo ndo jambo la kushika hapa.

Halafu programu haiishi peke yake. Inategemea laibrari za mfumo, yaani yale mafaili yanayoishia na .dll kwenye Windows, .dylib kwenye macOS na .so kwenye Linux, inategemea draiva ya picha, fonti, ruhusa za kamera na maikrofoni, na vingine kibao ambavyo hujawahi kuviona. Iko kama mpangaji, mwenye nyumba akibadilisha kufuli usiku mpangaji hajakosea kitu ila asubuhi ufunguo wake haufungui.

Ila kuna upande wa pili ambao watu hawaufikirii, na mimi naona ndo wenye utamu zaidi. Mara nyingi kosa lilikuwa ndani ya programu yenyewe miaka yote, apdeti imelifichua tu. Chukua gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas, toleo la kompyuta lilitoka 2005. Windows 11 toleo la 24H2 lilipotoka mwishoni mwa 2024 wachezaji wakagundua ile ndege ya majini inayoitwa Skimmer imetoweka kwenye gemu, watu wakailaumu Microsoft. Uchunguzi uliotoka Januari 2025 ukaonyesha kwamba faili la gemu lilikosa vipimo vya matairi ya hiyo ndege, na kodi ya gemu, yaani maelekezo yaliyoandikwa na watengenezaji wake, haikuweka namba yoyote ya kuanzia, ilikuwa inaokota tu mabaki yaliyoachwa kwenye memori na gari lililosomwa kabla yake, na kwa bahati mabaki hayo yalikuwa yanafaa. Miaka karibu 20 bahati ikashika. Windows mpya ikabadilisha kidogo jinsi inavyotumia sehemu hiyo ya memori, mabaki yakafutika, ndege ikapotea. Windows haikukosea chochote hapo.

Kingine cha namna hiyo kilitokea 2010 kwenye Fedora 14, mfumo mmoja wa familia ya Linux. Laibrari ya glibc, ambayo karibu programu zote za mfumo huo zinaitegemea, ilibadilisha namna inavyokopi data kwenye memori ili iwe na kasi zaidi, na ghafla sauti za video za Adobe Flash, iliyokuwa ikichezesha video kwenye brauza, zikaanza kukwaruza. Maelekezo ya ile amri ya kukopi, memcpy, yalikuwa yanasema wazi siku zote usiitumie kama mahali unapotoa na unapoweka panaingiliana, kwa kazi hiyo ipo nyingine inaitwa memmove. Flash ilikuwa inaitumia hivohivo na ilikuwa inapona kwa sababu ya namna ya zamani ya kukopi. Nimeeleza hivi vitu viwili kwa urefu kwa sababu vinabadilisha hatua yako ya kwanza kabisa: kabla hujagusa mfumo angalia kama wenye programu wametoa toleo jipya, kwa sababu dawa mara nyingi iko kwao na mara nyingi wanaitoa haraka wakishaona ripoti zinamiminika.

Hakikisha pia apdeti yenyewe imemalizika. Kwenye Windows, kile kitufe cha Shut down kwenye kompyuta nyingi hakizimi kila kitu kwa sababu ya kitu kinaitwa Fast Startup, kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama kilivyokuwa, kwahiyo chagua Restart. Kwenye Linux ukiapdeti wakati programu iko wazi, programu inabaki imeshika mafaili ya zamani kwenye memori huku kwenye diski kuna mapya, inachanganyikiwa, inaanguka, wala hakuna kilichoharibika. Washa upya kwanza, ni kitu kidogo ila usikiruke.

Sasa ripoti. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, itafunguka Reliability Monitor. Nashangaa watu wachache sana wanaijua hii, maana inakupa kalenda ya siku kwa siku, alama nyekundu pale programu ilipoanguka, na kwenye kalenda hiyohiyo inaonyesha apdeti ziliingia siku gani. Hapo unajibu swali ambalo wengi wanaliruka: je, kweli ilianza baada ya apdeti? Unaweza kukuta programu ilishaanza kuanguka siku kadhaa kabla, au kwamba siku ileile ya apdeti ya mfumo programu nayo ilijiapdeti yenyewe kimyakimya, au draiva ya picha iliingia, au antivairasi. Kitu kikija baada ya kingine haimaanishi kimeletwa na hicho.

Ukitaka ndani zaidi fungua Event Viewer, nenda Windows Logs halafu Application, tafuta tukio namba 1000. Humo kuna mistari miwili ya maana, Faulting module name na Exception code. Kodi 0xc0000005 maana yake programu iligusa memori isiyoruhusiwa. 0xc0000135 maana yake kuna faili la .dll halikupatikana. 0xe0434352 ni kosa kutoka kwenye programu iliyojengwa kwa .NET, jukwaa la Microsoft la kutengenezea programu, na hapo angalia tukio namba 1026 lililo jirani yake kwa sababu ndilo linaloeleza kwa maneno. 0xc0000409 ni pale programu ilipoamua kujisimamisha yenyewe kwa usalama baada ya kuona hali haieleweki.

Jina la moduli ndo linakuonyesha pa kuelekea, ila lisome kwa akili. Ukiona ntdll.dll usikimbilie kusema Windows imeharibika, hiyo ni sehemu ambayo karibu kila programu inapitia, maiti imeokotwa pale lakini muuaji anaweza kuwa mwingine kabisa. Ukiona nvoglv64.dll hiyo ni draiva ya picha ya NVIDIA. Ukiona jina la antivirasi yako, au la kile kiprogramu cha kurekodi skrini au cha kuonyesha kasi ya gemu juu ya dirisha, basi umeshampata mtuhumiwa mzito, kwa sababu hivi viprogramu vinajipenyeza ndani ya programu nyingine ili vifanye kazi yake, na mfumo ukibadilika kidogo tu vinaiangusha programu isiyo na hatia. Na ukiona msvcp140.dll pamoja na 0xc0000005, kuna habari yake: programu zilizojengwa kwa Visual Studio 2022 (zana ya Microsoft ya kutengenezea programu) kuanzia toleo 17.10, la mwaka 2024, zinaweza kuanguka zikikutana na laibrari ya zamani ya Visual C++, dawa ni kuweka Visual C++ Redistributable ya karibuni kutoka Microsoft, na kama bado angalia ndani ya folda ya programu yenyewe, kuna watengenezaji wanaweka humo nakala yao ya zamani na programu inaisoma hiyo kwanza.

Kwenye macOS fungua programu ya Console, upande wa kushoto kuna Crash Reports. Ripoti ni ndefu na inatisha, usiisome yote, tafuta mstari wa Termination Reason. Ikiwa na DYLD na maneno Library missing, kuna laibrari imekosekana. Ikiwa na CODESIGNING, sahihi ya kidijitali ya programu imekataliwa, hapo kweli kushusha upya kutoka kwa wenyewe kunasaidia. Ikiwa na TCC, programu imejaribu kugusa kitu cha faragha kama maikrofoni au kamera bila kueleza sababu yake kwa njia ambayo mfumo unaitaka, na hilo wenye programu ndo wa kulirekebisha, wewe huwezi. Kuna kesi moja haina mjadala kabisa: kuanzia macOS Catalina, Oktoba 2019, programu za biti 32 hazifunguki tena, hakuna setingi wala ujanja, unatafuta toleo la biti 64 au programu mbadala.

Linux ndo rahisi kuliko zote kwenye hili, watu wanaiogopa bure. Fungua terminali, andika jina la programu ubonyeze Enter, kosa linaandikwa mbele yako. Ukiona cannot open shared object file halafu libssl.so.1.1, unajua tayari: Ubuntu 22.04 ilihamia OpenSSL 3 na ile ya 1.1 haipo tena, programu iliyojengwa kwa ya zamani imebaki hewani. Watu wanashusha hiyo laibrari kutoka popote wanaibandika kwenye mfumo, tafadhali usifanye, OpenSSL ndo inayolinda mawasiliano yako na toleo la 1.1.1 liliacha kupewa marekebisho ya bure Septemba 2023, bora utafute toleo jipya la programu au utumie la Flatpak, namna moja ya kufungasha programu za Linux, ambalo linabeba laibrari zake lenyewe. Faili la AppImage, yaani programu nzima ya Linux ndani ya faili moja, likigoma kufunguka kwenye Ubuntu 22.04, mara nyingi linalia FUSE, maana laibrari yake inayoitwa libfuse2 haiji tena na mfumo. Na kwenye 24.04 kuna programu nyingi zilizojengwa juu ya Chromium (msingi wa brauza ya Chrome) zinakufa zikilalamika kuhusu sandbox, yaani uzio unaoitenga programu na mfumo, hiyo ni kwa sababu mfumo umebana ruhusa fulani kupitia AppArmor, kinga ya Linux inayozuia programu kufanya yasiyoruhusiwa. Mtandaoni utashauriwa uongeze --no-sandbox na programu itafunguka kweli, lakini umeivua ngao yake, itumie kama jaribio tu na dawa ya kudumu iwe toleo jipya au profaili sahihi ya AppArmor. Kama programu inaanguka katikati ya kazi na terminali haisemi kitu, kwenye distro (aina za Linux) zenye systemd-coredump, inayohifadhi rekodi za kuanguka, andika coredumpctl list halafu coredumpctl info, utaona ilianguka saa ngapi na ndani ya laibrari gani.

Kama ripoti haitoshi unaanza kutenga, na kutenga kuna sheria moja tu, badilisha kitu kimoja halafu jaribu. Ukibadilisha vitano kwa pamoja ikapona, hujui kipi kimeponya, na ikirudi tena unaanza moja.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni kutengeneza akaunti mpya ya yuza kwenye kompyuta ileile na kuifungua programu humo. Haliharibu chochote na linagawa tatizo katikati. Ikifunguka vizuri kwenye akaunti mpya, mara nyingi mfumo hauna kosa, draiva haina kosa, programu haina kosa, tatizo liko kwenye setingi zako au kashe yako, yaani nakala za muda ambazo programu inajiwekea. Ikianguka hata humo, achana na setingi, tafuta chini.

Kama ni setingi, usifute folda, ibadilishe jina. Kwenye Windows ziko kwenye %AppData% na %LocalAppData%, bandika hilo neno kwenye upau wa anwani wa folda litakupeleka. Kwenye macOS ziko ndani ya Library yako, Application Support na Preferences na Caches. Kwenye Linux ni .config, .cache na .local/share. Funga programu, ongeza neno kama _zamani mwishoni mwa jina la folda yake, fungua tena. Ikifunguka, rudisha vitu kimojakimoja kutoka folda ya zamani mpaka umpate mbaya. Kuna programu zinaweka kazi zako humohumo pamoja na setingi, barua pepe, noti, profaili za brauza, ukifuta kwa hasira umepoteza kazi ya miaka kwa ajili ya faili moja dogo bovu.

Plagini, yaani viongezo vya ndani ya programu, nazo zijaribu mapema. Firefox ina Troubleshoot Mode kwenye menyu ya Help, LibreOffice ina Restart in Safe Mode hukohuko, na Word ukishika Ctrl wakati unaifungua itakuuliza kama unataka kuanza salama. Viongezo vya GNOME, muonekano wa dawati unaotumika kwenye Linux nyingi, ndo usiseme, toleo 45 la mwaka 2023 lilibadilisha namna vinavyoandikwa na vya zamani vyote vikahitaji kurekebishwa.

Upande wa draiva ya picha, dalili ni programu za video, gemu, michoro na brauza kuanguka huku vitu vya maandishi tu vikienda vizuri. Zima hardware acceleration (kutumia kadi ya picha kuharakisha kazi) ndani ya setingi za programu, na kama haifunguki kabisa, zile zilizojengwa juu ya Chromium unaweza kuzianzisha na --disable-gpu. Ikitulia, mtuhumiwa ni draiva. Windows Update yenyewe huwa inaleta draiva, kwahiyo inawezekana imebadilisha ile uliyokuwa nayo, ingia Device Manager, kadi ya picha, Driver, bonyeza Roll Back Driver kama kitufe kinabonyezeka, la sivyo shusha draiva kutoka kwa watengenezaji wa kadi. Kwenye Linux yenye NVIDIA, kerneli mpya (kiini cha mfumo) ikiingia na moduli ya draiva isijengwe upya, mfumo unaangukia kwenye uchoraji wa prosesa, kila kitu kinakuwa kizito na programu za 3D zinakufa. Hapo ukiwasha na kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta inapowaka, utajua jibu palepale.

Kwa viprogramu vinavyojipenyeza, Windows ina msconfig. Kwenye Services weka tiki kwenye Hide all Microsoft services halafu zima zilizobaki, washa upya, jaribu. Ikipona, rudisha nusu yake, jaribu, halafu nusu ya nusu, hivyohivyo, hata kama huduma ni nyingi unafika kwa mbaya haraka kuliko kuwasha mojamoja. Piga picha ya skrini kabla ya kuzima ili ujue zipi zilikuwa zimewaka. Kwa kazi hiyohiyo, Mac yenye Apple Silicon, yaani chipu ya Apple yenyewe, unaizima, unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka chaguo zitokee, unachagua diski huku umeshika Shift, unabonyeza Continue in Safe Mode.

Kama akaunti mpya nayo inaanguka na programu zinazoanguka ni nyingi, sio moja, hapo sasa shuku mafaili ya mfumo. Windows: fungua terminali kama msimamizi, anza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth halafu ndo sfc /scannow. Mpangilio una maana yake, sfc inachukua mafaili mazuri kutoka kwenye stoo ya mfumo, na stoo yenyewe ikiwa mbovu itakosa cha kuchukua, DISM ndo inaitengeneza hiyo stoo. Ubuntu na Debian, kama apdeti ilikatika katikati umeme ukaondoka, sudo dpkg --configure -a halafu sudo apt --fix-broken install.

Kurudisha nyuma apdeti nakuweka mwisho makusudi. Bakapu kwanza, bila mjadala. Apdeti ndogo za kila mwezi za Windows, zile za Jumanne ya pili ya mwezi, zinaondolewa kwenye Update history, Uninstall updates. Toleo kubwa zima unaweza kulirudisha ndani ya siku 10 kwa kawaida kupitia Recovery, baada ya hapo mafaili ya zamani yanafutwa kuokoa nafasi na mlango umefungwa, kwahiyo kama umeapdeti toleo kubwa, zipime programu zako muhimu wiki hiyohiyo. macOS haina kitufe cha kurudi, unafuta diski na kuweka toleo la zamani upya, na bila bakapu nzuri ya Time Machine usianze hata kufikiria. Fedora ina dnf history ambayo inakuonyesha nini kiliingia lini na dnf history undo inayojaribu kukirudisha, watumiaji wa Arch, Linux nyingine, wanaokoteza paketi za zamani kwenye /var/cache/pacman/pkg.

Ukisharudi nyuma usikae huko. Apdeti hizi nyingi zina marekebisho ya usalama, na marekebisho yakishatangazwa hata wabaya wanayasoma, wanajua tundu liko wapi na nani hajaziba. Simamisha kwa wiki chache kwa kitufe cha Pause, fuatilia ukurasa wa Microsoft wa Windows release health ambako wanaorodhesha matatizo yanayojulikana, tatizo lako likitatuliwa apdeti tena.

Na kama yote haya hayajafua dafu, andika ripoti kwa wenye programu, na ripoti nzuri haisemi "haifanyi kazi". Taja toleo la programu, toleo la mfumo kwa namba zake kamili, kwenye Windows andika winver utaliona, kwenye Linux uname -r kwa kerneli, weka maandishi yale ya tukio namba 1000 au Termination Reason, sema ulibonyeza nini kabla haijaanguka na umeshajaribu nini ikakataa, hasa lile jaribio la akaunti mpya, maana ndo kitu cha kwanza watakachokuuliza. Wakikuomba faili la dampu jua kwamba lina kipande cha memori ya programu kama ilivyokuwa sekunde ileile inaanguka, na humo kunaweza kuwa na nywila, meseji au waraka uliokuwa umefungua, kwahiyo usilibandike hadharani, litume kwao moja kwa moja, na kama maandishi ya ripoti yanatosha tuma hayo tu.